Yafaa Kompyuta Zizimwe Jioni

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule ili niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita bila kuliangalia, nalo ni umeme unaoliwa na kompyuta ambazo hakuna mtu anayezitumia. Najua ya kuwa wako watakaosema kwamba katika mkoa uliongoja umeme kwa muda mrefu kama Katavi, habari ya kubana matumizi ya kompyuta ni habari ya watu wa Ulaya. Maoni yangu ni kinyume cha hayo. Naona ya kwamba sisi wa Mpanda tuna sababu kubwa kuliko wengine, kwa maana sisi tumeujua umeme kwa lita.

Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012 ulipokatwa kutoka Rukwa. Kwa miaka mingi, kabla ya hapo na baadaye, mji wa Mpanda ulikuwa kama kisiwa. Nyaya za Gridi ya Taifa hazikutufikia, na umeme wetu ulitoka katika majenereta ya dizeli ya TANESCO. Dizeli yenyewe haichimbwi hapa wala mahali popote Tanzania. Hushushwa melini pwani, kisha husafirishwa mwendo mrefu kuvuka nchi. Jenereta likiharibika, au mafuta yakichelewa, mji ulilala gizani. Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa na mtu yeyote ya kwamba umeme una gharama. Waliyasikia majenereta yakiunguruma, na yaliponyamaza walijua maana yake.

Sasa imejengwa njia ya umeme wa kilovolti 132 kutoka Tabora, kupitia Ipole na Inyonga, hadi Mpanda, ili mkoa wetu upate umeme wa Gridi ya Taifa. Hili ni jambo la kushukuru sana, na si nia yangu kulipunguzia heshima. Lakini hofu yangu ni hii. Mtu aliyezoea kuchota maji kwa ndoo kisimani hajui kumwaga maji ovyo. Siku apatapo bomba, ndipo huanza kuliacha wazi. Umeme wa gridi hauna mngurumo. Hausikiki ukipita, na kwa sababu hausikiki ni rahisi mno kuupoteza.

Hebu tufanye hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake, ikiwa imeachwa inawaka tu bila kazi yoyote, hula kiasi cha wati 50. Ziko zinazokula zaidi na ziko zinazokula pungufu, lakini tuchukue hizo 50. Ofisi hufunguliwa, tuseme, saa moja na nusu asubuhi, ikafungwa saa kumi na nusu jioni, yaani saa 9 kwa siku, siku 5 kwa juma. Hizo ni saa 45. Lakini juma lina saa 168. Basi kompyuta isiyozimwa huwaka saa 123 kila juma bila mtu mbele yake. Tazama vema hesabu hiyo, ndugu msomaji: saa ambazo imewaka kwa ajili ya kazi ni 45, na saa ambazo imewaka kwa ajili ya kuta na viti ni 123. Ni karibu mara tatu.

Wati 50 kwa saa 123 ni uniti 6 na ushee kwa juma. Tuseme ofisi ina kompyuta 30. Hizo ni uniti zaidi ya 184 kwa juma, na kwa majuma 50 ya mwaka ni uniti 9,225. Mtu wa kawaida anunuapo LUKU hulipa takribani shilingi 350 kwa uniti moja pamoja na kodi na tozo. Kwa hiyo ofisi hiyo moja hulipa zaidi ya shilingi 3,200,000 kila mwaka kwa kazi ambayo haikufanyika.

Tuzipime sasa kwa kipimo chetu cha zamani. Lita moja ya dizeli katika jenereta zuri hutoa uniti kati ya 3 na 4. Nitachukua 4, ili nisiambiwe natia chumvi. Uniti 9,225 ni lita 2,300 za dizeli, yaani mapipa 11 na zaidi, yale ya lita 200. Laiti mhasibu angeona kila mwaka mapipa 11 yakipinduliwa na kumwagwa katika ua wa ofisi, asingenyamaza hata siku moja. Lakini kwa kuwa yanamwagika kwa njia ya waya, na kioo cha kompyuta kinaonyesha picha nzuri ya maua, hakuna asemaye neno.

Na hizo uniti zingeweza kufanya nini? Chukua darasa lenye taa 6 za wati 18 kila moja, liwashwe saa 3 kila usiku kwa masomo ya jioni, siku 240 za mwaka wa shule. Darasa hilo halitumii hata uniti 80 kwa mwaka mzima. Basi umeme upoteao katika ofisi moja ya kompyuta 30 ungewasha madarasa zaidi ya 100. Sisi wa Kidato cha Nne, ambao mtihani wetu wa taifa hufanywa mwezi wa Novemba, twajua thamani ya saa tatu za taa. Katika shule ya bweni uniti zikiisha katikati ya mwezi, si kompyuta ya ofisini ikosayo kwanza. Hukosa kwanza darasa.

Wako wenye hoja za kupinga, nami napenda kuzijibu moja moja kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni kwamba kompyuta ikizimwa na kuwashwa kila siku huharibika. Maneno haya nimeyasikia kwa watu wazima wenye elimu. Huenda yalikuwa na kweli kidogo katika siku za mashine za zamani, lakini mashine za leo zimetengenezwa ziweze kuzimwa na kuwashwa maelfu ya mara. Zaidi ya hayo, katika mji kama wetu ukweli ni kinyume chake. Kinachoua kompyuta hapa ni umeme kukatika ghafula usiku na kurudi kwa kishindo. Kompyuta iliyozimwa na kuchomolewa katika soketi haidhuriki. Ile iliyoachwa macho ndiyo hukutwa asubuhi imekufa.

Hoja ya pili ni kwamba kioo kikionyesha picha zinazotembeatembea, au kikiwa cheusi, kompyuta imelala. La. Picha hizo ziliwekwa zamani ili kulinda vioo vya aina ya kale visichorwe alama. Hazikuwekwa kuhifadhi umeme. Kompyuta inayoonyesha picha za samaki inafanya kazi ya kuonyesha picha za samaki. Kulala kwa kweli ni jambo jingine, na mashine nyingi zina uwezo huo ndani yake. Tangu mwaka 1992 Serikali ya Marekani ilianzisha alama iitwayo Energy Star, na vitu vya kwanza kabisa kupewa alama hiyo vilikuwa kompyuta na vioo vyake. Mashine iliyolala vema hula wati chache tu. Lakini haina budi kuamriwa. Mtu afungue mahali pa kupanga matumizi ya umeme, aiambie ilale baada ya dakika 10 bila kazi. Ni kazi ya dakika moja, nayo haina gharama.

Hoja ya tatu ndiyo kubwa. Husemwa ya kwamba sasa nchi ina umeme mwingi, kwa hiyo maneno haya yamepitwa na wakati. Ni kweli tuna Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024, na wa mwisho mwaka 2025. Hii ni fahari ya Taifa. Lakini tusisahau ya kwamba mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa mwaka 2024 nchi nzima ilikuwa katika mgao. Umeme wa maji hutegemea mvua, na mvua haina mkataba na mtu. Tena, kila kijiji kinachofikiwa na nguzo, kila mashine ya kukoboa mpunga, kila kisima chenye pampu, kila zahanati yenye jokofu la chanjo, vyote vinautazamia umeme huohuo. Uniti ipoteayo katika ofisi tupu imemkosesha mtu fulani mahali fulani, hata kama hatumwoni.

Hadi hapa nimesema juu ya kompyuta zilizo mezani. Lakini ziko nyingine tusizoziona, nazo hula zaidi. Mtu anunuapo uniti za LUKU kwa simu, au atumapo fedha kwa mama yake kijijini, au atazamapo matokeo ya mtihani, ujumbe wake hauishii hewani. Huenda katika kompyuta iitwayo seva, ambayo kazi yake ni kutunza kumbukumbu na kujibu maulizo ya watu mchana na usiku. Seva nyingi zikiwekwa pamoja katika jengo moja, jengo hilo huitwa kituo cha data. Tanzania tunacho Kituo cha Taifa, kiko Kijitonyama, Dar es Salaam.

Katika dunia vituo hivi vimekuwa walaji wakubwa. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza ya kuwa mwaka 2024 vituo vya data vyote vilikula kiasi cha uniti bilioni 415, yaani asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na likakadiria ya kwamba mwaka 2030 vitakula kama uniti bilioni 945. Katika nchi ya Ireland, mwaka 2023, vituo vya data vilikula asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita, zaidi ya nyumba zote za mijini za nchi hiyo. Wala jambo hili haliko mbali nasi. Mwezi wa Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data huko Olkaria, Kenya, kitumie umeme wa mvuke wa ardhini, kwa kuanzia megawati 100. Hizo ni karibu nusu ya mtambo mmoja wa Bwawa la Nyerere, kwa jengo moja tu.

Mtu atauliza: Je, tuvikatae vituo hivi? Hasha. Sisemi hivyo. Seva inayotunza kumbukumbu za wagonjwa haiwezi kuzimwa jioni, kama vile taa ya wodi haiwezi kuzimwa kwa sababu jua limekuchwa. Kuzima na kuwasha ni dawa ya kompyuta ya mezani. Dawa ya seva ni nyingine, nayo ina sehemu mbili: kutowasha seva nyingi kuliko kazi iliyopo, na kutoipoza kuliko inavyohitaji.

Juu ya sehemu ya kwanza, wahandisi wawili wa kampuni ya Google, Barroso na Hölzle, waliandika mwaka 2007 ya kwamba seva nyingi muda mwingi hufanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya nguvu zake, kati ya asilimia 10 na 50, na kwamba seva isiyofanya kazi yoyote bado hula kama nusu ya umeme iulao ikiwa imeelemewa. Mashine zimekuwa bora tangu wakati ule, lakini neno lenyewe halijafutika. Ni kama lori linalowasha injini mchana kutwa ili kubeba mfuko mmoja wa mahindi. Ikiwa idara moja ina seva yake, na idara ya pili yake, na ya tatu yake, basi tunayo malori matatu na mifuko mitatu. Siku hizi iko njia ya kuifanya seva moja ya kweli ibebe ndani yake seva kadhaa za kubuni, kila moja ikidhani iko peke yake. Lori moja hubeba mifuko yote, na mengine mawili hupumzishwa.

Tuitie hesabu. Seva ndogo ya wati 150 ikiwaka mwaka mzima hula uniti 1,314, hata kama hakuna aliyeiuliza swali lolote. Ofisi yenye seva nne za namna hiyo, ambazo kazi zake zote zingeenea katika moja, hupoteza karibu uniti 4,000 kwa mwaka, bila kuhesabu upozaji. Serikali yetu ilitunga Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019, na kwa sheria hiyo ikaanzishwa Mamlaka ya Serikali Mtandao ili kusimamia mambo haya katika ofisi za umma. Mimi naona kazi ya kuunganisha seva, ili kila ofisi isijijengee ghala lake dogo, ingefaa iwe katika kazi zake za mbele kabisa.

Sehemu ya pili ni baridi. Kila umeme uingiao katika kompyuta hutoka ukiwa joto, na joto hilo hapana budi liondolewe. Uchunguzi wa taasisi ya Uptime Institute wa mwaka 2024 ulionyesha ya kuwa, kwa wastani, kituo cha data kinachotumia uniti 100 kwa kompyuta zake hutumia nyingine 56 kwa viyoyozi na mambo mengine ya jengo. Kampuni ya Google yenyewe hutangaza kwamba katika vituo vyake hizo nyongeza hazizidi 10. Basi kazi ileile yaweza kufanywa kwa nyongeza ya 56 au kwa nyongeza ya 10. Tofauti ni akili na uangalifu.

Na sisi tusio na vituo vikubwa twaweza kujifunza nini? Jambo moja rahisi sana. Katika ofisi nyingi chumba cha seva huwekwa baridi hadi nyuzi 16 au 18, kana kwamba ndani kumehifadhiwa nyama. Mtu aingiapo hutetemeka na kuona ya kwamba hapa kuna utaalamu. Lakini chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, kinashauri ya kwamba hewa iingiayo katika seva yaweza kufika nyuzi 27 bila dhara. Katika nchi yenye joto kama yetu, kukipandisha kiyoyozi kutoka nyuzi 17 hadi 25 ni kukipunguzia kazi kubwa mchana na usiku. Na ikiwa mlango wa chumba hicho haufungiki vizuri, au dirisha lina tundu, fundi wa mbao ataokoa umeme zaidi kuliko fundi wa kompyuta.

Ipo pia hoja ya watu wanaopenda kutwambia tufute barua pepe za zamani ili kuokoa dunia. Sina ugomvi nao, lakini naona wanatupeleka mahali padogo. Barua moja haina uzito wa kupimika. Mtu aweza kufuta barua mia na kuona amefanya wema, kisha akaenda nyumbani na kuacha mashine inawaka hadi Jumatatu. Tuanze na kikubwa ndipo tufuate kidogo.

Kikubwa kingine ni kununua. Kompyuta haianzi kula siku iwashwapo mara ya kwanza. Madini yake yamechimbwa, vipande vyake vimechomwa katika viwanda, na mashine nzima imevuka bahari. Yote hayo yametumia nguvu nyingi. Kwa kompyuta mpakato, sehemu kubwa ya madhara yake kwa hewa hutokea kabla haijafika mkononi mwa mtumiaji. Kwa hiyo kuitupa mashine ya miaka mitatu kwa sababu imekuwa nzito ni hasara, ikiwa fundi angeweza kuiongezea kumbukumbu au kubadili diski yake. Dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme mwaka 2022, na sehemu iliyokusanywa na kutengenezwa upya kwa utaratibu haikufika hata robo. Nasi twajua vyumba vya stoo vilivyojaa vioo vya zamani vya kompyuta, vizito kama mawe, ambavyo hakuna ajuaye vitupwe wapi. Lakini hapo hapo niseme na upande wa pili: ofisi ikilazimika kununua mpya, inunue kompyuta mpakato badala ya ya mezani, kwa kuwa hula umeme mchache zaidi, na ina betri yake mwenyewe, nayo haizimiki ghafula umeme ukikatika.

Sasa yupo atakayesema: Haya yote ni kweli, lakini Marekani peke yake ilikula asilimia 45 ya umeme wa vituo vya data vya dunia mwaka 2024, China asilimia 25, na Ulaya asilimia 15. Kompyuta 30 za Mpanda ni nini? Jibu langu liko hapa hapa Katavi, katika mto Katuma. Mto huo hushuka kutoka upande wetu wa Mpanda, ukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ukaenda hata ziwa Rukwa. Huko juu watu hulima mpunga kwa kumwagilia. Hakuna mkulima hata mmoja aliyekusudia kuukausha mto. Kila mmoja alichepusha mfereji mdogo tu, akasema mto ni mkubwa, mfereji wangu ni nini. Lakini kiangazi kikifika, viboko wa Katavi hubanana kwa mamia katika tope, mmoja juu ya mwingine, wakigombea maji yasiyozidi dimbwi. Ukimwuliza kila mkulima, hakuna aliyekosa. Ukiutazama mto, umekauka. Bandu bandu huisha gogo.

Basi sihimizi tuokoe umeme kwa ajili ya kuwalipia Wamarekani. Nahimiza tuokoe kwa ajili ya mfuko wetu na mto wetu. Tena nataka nieleweke vizuri: sitaki kompyuta zipungue Mpanda. Nataka ziongezeke. Shule nyingi za mkoa huu hazina hata moja. Mwanafunzi wa Mlele au wa Tanganyika ana haki ya kujifunza mashine hii kama mwanafunzi wa Dar es Salaam. Lakini mkuu wa shule atakayeona bili ya chumba cha kompyuta imekuwa mlima atafunga mlango na kuweka kufuli, na hiyo ndiyo itakuwa hasara kubwa kuliko zote. Kompyuta isiyopoteza umeme ndiyo itakayoruhusiwa kubaki wazi kwa wanafunzi.

Kwa ajili hiyo napendekeza mambo matano, ambayo hayahitaji fedha za wafadhili wala wataalamu kutoka mbali.

Kwanza, kila ofisi na kila shule iwe na mtu mmoja wa zamu ambaye hafungi mlango jioni mpaka azungukie kompyuta zote na kuzizima, pamoja na swichi ya ukutani. Katika shule, kazi hii yaweza kupewa kiranja wa chumba cha kompyuta.

Pili, kila kompyuta iamriwe kulala baada ya dakika 10 bila kazi, ili hata wakati wa chai na wa chakula cha mchana isikae macho bure.

Tatu, mita isomwe kila Ijumaa jioni na kila Jumatatu asubuhi. Ofisi ikiwa imefungwa na namba zimesogea sana, basi kuna mlaji ndani, naye atafutwe. Hesabu hiyo ibandikwe ubaoni, watu wote waione. Jambo lisiloonekana halimwumi mtu.

Nne, kila halmashauri na kila idara iandike orodha ya seva zake: ipi inafanya kazi gani, na nani mwenyewe. Seva ikikosa mwenyewe, izimwe kwa mwezi mmoja. Ikiwa hakuna aliyelalamika, haikuwa na kazi.

Tano, kiyoyozi cha chumba cha seva kisishushwe chini ya nyuzi 24, ila kwa sababu iliyoandikwa na mtaalamu.

Mambo haya ni madogo, na ndiyo maana huachwa. Mtu hupenda kusubiri mradi mkubwa wenye sherehe na kukata utepe. Lakini njia ile ya nguzo kutoka Tabora haikujengwa ili kuwasha vioo vya ofisi tupu usiku kucha. Ilijengwa ili mama ajifungue penye mwanga, mashine ya mpunga isage, na mtoto asome. Wakubwa wetu waliungoja umeme huo kwa subira. Sisi tulioukuta njiani tuwe na adabu ya kuuzima tusipouhitaji.

Ikiwa yuko msomaji mwenye hesabu iliyo tofauti na hii yangu, naomba ailete katika toleo la muhula ujao, tuzipime.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne